Kauli ya Mtazamaji: Uamuzi wa Hadhira Juu ya Filamu za Kutisha na Filamu za Jamaa

UTANGULIZI

Yapo mazoea miongoni mwa wasomi ya kuitenga kauli ya mtazamaji wa kawaida kila inapozungumzwa habari ya uhakiki wa sinema. Mtu atokaye jumbani akasema kwamba picha ilikuwa tamu, au kwamba ilimtisha hata akakosa usingizi, au kwamba kiingilio chake kimekwenda bure, huhesabiwa kuwa ameeleza hali ya moyo wake tu, wala hajasema lolote juu ya kazi yenyewe. Uhakiki, hudaiwa, ni kazi ya wenye istilahi. Mtazamaji hana istilahi. Kwa hivyo hana uhakiki.

Dai hili lina kasoro ambayo walimu wa lugha za Kiafrika wangepaswa kuiona upesi kuliko watu wengine. Katika masomo ya fasihi simulizi hufundishwa kila mwaka kwamba hadhira ni sehemu ya utungo. Kwamba msimulizi wa ngano huitikiwa, huhimizwa na hata husahihishwa na wasikilizaji wake. Na kwamba ngano isiyoitikiwa hufa. Hadhira hiyo hiyo ikisha kuondoka penye moto wa jikoni na kuingia katika jumba la sinema, au kukaa mbele ya televisheni, huvuliwa ghafla ile heshima iliyovikwa darasani. Haiwezekani mambo haya mawili yakawa kweli kwa pamoja. Ama hadhira ina uwezo wa kupima sanaa, ama haina.

Makala haya yanachunguza kauli za watazamaji juu ya aina mbili za filamu zinazodhaniwa kuwa mbalimbali kabisa, yaani filamu za kutisha na filamu zinazopendwa na jamaa nzima, wakubwa kwa wadogo. Mifano mingi ni ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko aina hizo zilikokuzwa na kusambazwa duniani. Lakini hoja inarudi hatimaye kwenye Kiswahili na wasemaji wake. Itaonyeshwa kwamba kauli ya mtazamaji ina vipimo vyake, kwamba vipimo hivyo vina mantiki, na kwamba, hata hivyo, vina upofu ambao mhakiki hana ruhusa ya kuunyamazia.

AHADI NA UTIMIZAJI WAKE

Kipimo cha kwanza cha mtazamaji ni ahadi. Kila filamu humwahidi jambo kabla hajalipa: kwa jina lake, kwa picha zilizobandikwa ukutani, kwa sifa za wachezaji wake. Mtazamaji huingia akiwa na mkataba moyoni, na anapotoka huuliza kama umetimizwa.

Nchini Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, shirika liitwalo CinemaScore limekuwa likiwagawia watazamaji kadi usiku wa kwanza wa maonyesho na kuwataka waipe filamu alama, kuanzia A hadi F, mfano wa mwalimu asahihishavyo mtihani. Filamu za kutisha aghalabu hupata alama za chini kuliko filamu za jamaa. The Lion King (1994) ilipewa alama ya juu kabisa, A+. Hereditary (2018), ambayo wahakiki waliisifu sana, ilipewa D+. Filamu ya Darren Aronofsky iitwayo mother! (2017) ilipewa F.

Mwenye haraka atasema kwamba alama hizi zathibitisha ujinga wa umma. Lakini zikiangaliwa kwa utulivu zinasema jambo jingine. Filamu ya Aronofsky ilitangazwa kama hadithi ya kutisha yenye mchezaji maarufu. Waliokuja wakakuta jazanda ndefu ya Biblia na ya dunia inayoharibiwa na wanadamu. Watazamaji hawakuulizwa kama jazanda hiyo imesukwa kwa ustadi. Waliulizwa kama wamepata walichokijia, nao wakajibu kweli. Alama ya F ni hukumu juu ya tangazo kama ilivyo hukumu juu ya filamu, na mhakiki anayeitumia kuwadharau watu ndiye aliyekosa kuisoma.

Isitoshe, wahakiki nao hufungwa na ahadi. Filamu ya Stanley Kubrick, The Shining (1980), ilipotoka ilipokewa kwa baridi na wengi wao, na Kubrick akatajwa miongoni mwa waongozaji wabaya wa mwaka katika tuzo za dhihaka zilizoanzishwa wakati ule. Hivi sasa filamu hiyo hiyo ni somo vyuoni. Kosa la papo kwa papo, basi, si mali ya mtazamaji peke yake.

STELINGI NA SHERIA YA KUTOKUFA

Kipimo cha pili kimo ndani ya neno moja ambalo Kiswahili cha mitaani kimelifinyanga chenyewe. Neno hilo ni stelingi. Asili yake ni maandishi ya Kiingereza yanayotangulia jina la mchezaji mkuu, lakini katika vinywa vya watazamaji wa Afrika Mashariki limekuwa nomino yenye maana kamili: stelingi ni yule ambaye filamu ni yake, ambaye macho na dua za hadhira zimo upande wake. Na neno hili lina sheria yake, ambayo kila mtoto aliyewahi kutazama picha za ngumi anaijua: stelingi hafi.

Wasomi wameizoea sheria hii kama kichekesho. Walakini ni kanuni ya utunzi, na ubora wake huonekana pale inapovunjwa. Katika Psycho (1960), Alfred Hitchcock alimchukua Janet Leigh, mchezaji aliyejulikana kuliko wenzake wote katika filamu ile, akamfuata hatua kwa hatua, kisha akamwua bafuni kabla ya filamu kufika nusu. Aliagiza pia kwamba mtu yeyote asiruhusiwe kuingia baada ya onyesho kuanza. Agizo hilo lilikuwa tangazo la kibiashara, lakini lilikuwa na maana ya kifani vile vile: aliyechelewa asingemkuta stelingi, na asiyemkuta asingehisi pigo la kuondolewa kwake. Hitchcock alijua sheria ya hadhira. Ndiyo maana aliweza kuivunja.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Night of the Living Dead (1968) ya George A. Romero, stelingi ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Ben anahimili usiku mzima wa maiti wanaokula watu. Kunapopambazuka, kundi la wazungu wenye bunduki linafika kusafisha eneo, na mmoja wao anampiga risasi ya kichwa akimdhani maiti. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliandika mwanzoni mwa 1969 juu ya onyesho la mchana alilohudhuria, ambamo wengi walikuwa watoto walioletwa kama kwenye picha za kawaida za mizimu. Alieleza jinsi makelele ya furaha yalivyokatika, wakabaki kimya, wengine wakilia.

Kimya kile chafaa kuhesabiwa kuwa uhakiki. Watoto hawakuwa na istilahi ya tanzia, lakini waliitambua ilipowafikia. Hawakulia kwa sababu ya maiti, kwani maiti walikuja kuwatazama. Walilia kwa sababu sheria ilivunjwa bila hatia ya mvunjiwa. Na kwa kuwa aliyevunjiwa sheria hiyo alikuwa mweusi, na waliomwua walikuwa raia wenye silaha waliojiona wanatenda wema, kilio chao kilikuwa karibu zaidi na kiini cha filamu kuliko maneno ya waliolalamika juu ya damu tu.

Wala isidhaniwe kwamba hadhira ya Kiswahili haiwezi kuvumilia kifo cha shujaa. Fumo Liyongo hufa, tena kwa mkono wa mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni, na hadithi yake imependwa kwa karne nyingi. Lakini kifo cha Liyongo kina sababu inayosemeka: ni usaliti, na msaliti hulipwa. Kwa hivyo sheria ya stelingi, ikifasiriwa vema, haisemi kwamba shujaa asife kamwe. Inasema kwamba kifo chake kitolewe hesabu. Hilo si dai la kitoto.

MZIMU NA LUGHA YA MTAZAMAJI

Filamu ya kutisha humfikia mtazamaji kupitia imani alizo nazo, na imani hizo hukaa ndani ya lugha. Hapa ndipo kauli ya mtazamaji wa Kiswahili inapoweza kusema jambo ambalo mhakiki wa ng'ambo halioni.

Chukuliwe tena filamu ya Romero. Mtu akitafuta neno la Kiswahili la kuwaita wale maiti wanaotembea, msukule au ndondocha huja kinywani mara moja. Lakini msukule si maiti wa Romero. Msukule ana bwana. Ni mtu aliyechukuliwa kwa uchawi akafichwa na kutumikishwa. Ni mdhulumiwa kabla hajawa wa kutisha. Mtazamaji mwenye neno hilo kichwani atauliza swali ambalo filamu haikuliandalia jibu: nani amewafuga? Maiti wa Romero hawana mchawi. Huinuka bila mwenye kuwatuma, na hofu yao iko hapo hasa, kwamba hakuna wa kushtakiwa. Anayelalamika kwamba filamu haina maana kwa sababu mchawi hakuonekana hajakosa akili. Amepima hadithi kwa elimu ya uovu iliyo tofauti, na tofauti hiyo yastahili kuandikwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa The Exorcist (1973) ya William Friedkin. Filamu hiyo ilivuma kwa habari za watazamaji waliozimia au kukimbia nje. Inasimulia msichana aliyeingiwa na shetani na makasisi wanaomfukuza kwa sala na kwa gharama ya maisha yao. Mtazamaji wa pwani anayeijua kazi ya kupunga pepo ana picha nyingine. Katika kupunga, mwenye pepo huitwa kiti. Pepo huulizwa jina lake na haja yake. Huenda akataka nguo, pete, uvumba au ngoma, na mara nyingi suluhu hupatikana. Kwa mtu wa namna hiyo, kinachoshangaza katika The Exorcist si kwamba pepo amemwingia mtoto, bali kwamba hakuna anayejadiliana naye. Akisema kwamba wale makasisi hawakuijua kazi yao, watu watacheka. Walakini amelitaja jambo la msingi katika filamu ile, yaani kwamba imejengwa juu ya imani isiyokubali suluhu baina ya wema na uovu.

KUTAZAMA NA WENGINE

Tukio la kutazama filamu ya jamaa hupimwa kwa namna nyingine. Hapa mtazamaji hasemi tu kama filamu ni nzuri, bali husema alikaa na nani. Tuliitazama na watoto; mama aliipenda; tunaitazama kila mwaka. Kauli hizi huonekana kuwa nje ya kazi yenyewe. Hazipo nje. Zinataja kazi ambayo filamu inafanya katika maisha ya watu.

The Sound of Music (1965) ilishambuliwa na baadhi ya wahakiki wakubwa wa Marekani, miongoni mwao Pauline Kael, aliyeiona kuwa uongo uliopakwa sukari. Umma ulijaa majumbani hata mapato yake yakazidi yale ya filamu zote zilizotangulia, nayo ikapata tuzo 5 za Oscar, ikiwamo ya filamu bora. It's a Wonderful Life ya Frank Capra (1946) haikurudisha gharama zake ilipotolewa. Mwaka 1974 haki yake ya kunakili haikufanywa upya, vituo vya televisheni vikaanza kuionyesha wakati wa Krismasi pasipo malipo, na majumbani mwa watu ikageuka kuwa desturi. The Wizard of Oz (1939) nayo ilioneshwa katika televisheni ya Marekani mara ya kwanza mwaka 1956, na tangu 1959 ikawa ya kila mwaka kwa miongo mingi. Hakuna mhakiki aliyetoa amri hiyo. Kurudia ndiko kulikotoa hukumu, kama ngano isimuliwavyo tena kwa sababu watoto wameidai.

Ajabu ni kwamba filamu hizi pendwa hazikosi hofu. Mchawi wa The Wizard of Oz amewaficha watoto nyuma ya viti tangu mwaka 1939. Mama wa Bambi aliuawa mwaka 1942 na kifo chake hakijasahauliwa. Kinachozitenga na filamu za kutisha ni ulinzi, wala si ukosefu wa woga: mtoto huogopa akiwa ameshikwa mkono. Mzazi akiona mkono huo umeachiwa, hunena. Mwaka 1984 wazazi wa Marekani walilalamika juu ya Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, filamu mbili zilizowavuta watoto kisha zikawaonyesha mambo ya kuchefua. Kabla mwaka haujaisha daraja jipya, PG-13, lilikuwa limeongezwa katika utaratibu wa kupanga filamu uliokuwapo tangu 1968. Kauli za watu waliotoka jumbani wameudhika zilibadilisha sheria za tasnia nzima. Ni wahakiki wachache wanaoweza kujivunia hilo.

MIPAKA YA KAULI HIYO

Baada ya kuitetea kauli ya mtazamaji, hapana budi kusema inaposhindwa. Kumsifu mwananchi bila kumkosoa ni dharau ya namna nyingine.

The Gods Must Be Crazy (1980) ya Jamie Uys ilipendwa katika nchi nyingi kama kichekesho safi kisicho matusi wala damu, cha kutazamwa na watoto. Ndani yake chupa ya soda inaanguka kutoka angani, na mtu wa Kalahari, aliyechezwa na N!xau, anaondoka kwenda kuitupa. Kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu filamu hii imefaulu: ahadi ya kicheko imetimizwa, stelingi hakufa, jamaa imekaa pamoja. Lakini ilitengenezwa Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi, na iliwaonyesha Wasan kama watu wasiojua mali, ugomvi wala serikali, wakati Wasan wa Namibia walikuwa wamepokonywa ardhi, wamekusanywa katika makazi ya umaskini, na vijana wao wakiandikwa katika jeshi la makaburu. Filamu ya John Marshall ya mambo halisi, N!ai (1980), iliyaonyesha maisha hayo, na hata ikanasa utengenezaji wa kichekesho chenyewe. Kauli kwamba filamu ya Uys inachekesha ni ya kweli, nayo haitoshi. Kicheko hakiulizi nani alilipia chupa.

Mfano wa The Lion King unaigusa lugha moja kwa moja. Kwa mtazamaji wa Marekani, Simba, Rafiki na Pumbaa ni majina matamu ya mbali. Kwa mtoto wa Mombasa ni simba aitwaye Simba, nyani aitwaye Rafiki na ngiri aliyepewa jina la kupumbaa, na huenda akacheka mahali ambapo mtunzi hakutia kichekesho. Lakini yumo pia fisi aitwaye Shenzi, anayeishi pembezoni mwa ufalme, mwenye njaa, na ambaye kuja kwake kunaiharibu nchi. Neno hilo halikuokotwa barabarani likiwa tupu. Pwani lilitumiwa kuwatweza watu wa bara. Walowezi wakalitumia kumtukana kila Mwafrika. Sauti ya fisi huyo ilitiwa na Whoopi Goldberg, mchezaji mweusi. Waliotoa alama ya A+ hawangeweza kulisikia tusi hilo. Msemaji wa Kiswahili anaweza; na asiposema, hakuna atakayesema kwa niaba yake.

HITIMISHO

Kazi iliyobaki ni ya wanalugha. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018), ameonyesha jinsi watazamaji wa Unguja na miji ya Tanzania walivyojadili kwa kina filamu kama Awaara (1951) ya Raj Kapoor, ingawa wengi hawakukijua Kihindi. Uamuzi wao ulikuwa mazungumzo, nao ulipita pamoja na usiku ule, isipokuwa kidogo kilichookolewa na kumbukumbu za wazee. Baadaye wakatokea wasimulizi wa filamu: Lufufu huko Dar es Salaam, DJ Afro nchini Kenya, na wenzao wa Uganda wanaosimulia kwa Kiganda. Hawa hawatafsiri tu. Humsuta stelingi anapokosea, humkejeli adui, hueleza mila ya kigeni kwa mila ya nyumbani. Wamelirudisha jibu la hadhira ndani ya filamu yenyewe, na sauti zao zimerekodiwa. Hakuna udhuru wa kutozisikiliza.

Methali zilikusanywa, vitendawili vikakusanywa, nyimbo za kazi zikakusanywa, maana ilitambuliwa kwamba fikira za watu zimo humo. Kauli za watazamaji hazijapata mkusanyaji. Neno stelingi, kanuni yake ya kifo, swali la nani amewafuga maiti, lawama kwamba pepo hakuulizwa haja yake: haya ni malighafi ya istilahi ambayo Kiswahili kinaihitaji ikiwa kitazungumza habari ya sinema bila kuazima kila neno. Mhakiki atakayeyapokea hatalazimika kukubaliana na kila lisemwalo jumbani. Atalazimika tu kuanza hapo, kisha aongeze lile ambalo mtazamaji, kwa furaha yake au kwa hofu yake, hakuliona.